Mafuta ya Cucu, Chuma cha Anko

Anko alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye karakana moja ya jua kali Ruiru. Bushi za matatu, shafti za pampu, pini za trela, zote zilipitia mikononi mwake. Likizo nikiwa sekondari, mimi ndiye niliyemwagia chuma yale mafuta yanayochanganywa na maji hadi yanakuwa meupe kama maziwa, ili kisu cha mashine kisiungue. Yakikaa siku nyingi yalinuka vibaya, yaani hata nguo ukifua harufu ilibaki. Kufikia Ijumaa vidole vya Anko vilikuwa vimepasuka. Wikendi Cucu alimpaka mafuta ya mbarika. Jumatatu, kazi ni ile ile.

Kwenye rafu ya karakana kulikuwa na mkebe wa Castrol. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua jina hilo lilitoka wapi. Charles Wakefield alianzisha kampuni yake London mwaka wa 1899. Mnamo 1909 akaanza kuuza mafuta ya injini yaliyotiwa mafuta ya mbarika, ambayo Waingereza huyaita "castor". Hapo ndipo jina likazaliwa. Kwa hivyo mmea wa Cucu ulikuwa juu ya rafu wakati wote, na sisi hatukuwa na habari.

Wakikuyu walijipaka mafuta hayo na kulainishia ngozi walizovaa, muda mrefu kabla ya reli kufika Thika mwaka wa 1913. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ndege nyingi zenye injini za kuzunguka zilitegemea mbarika, kwa sababu mafuta yake hayachanganyiki kwa urahisi na petroli.

Kwenye kukata chuma, mafundi wa zamani walitumia hata mafuta ya nguruwe. Kisha Mmarekani Frederick Taylor akaeleza mwaka wa 1906 kwamba ukimwaga maji mengi mahali kisu kinapokata, kasi inaweza kupanda kwa asilimia 30 hadi 40. Lakini maji huleta kutu, na mafuta ya mimea huganda yakikaa. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi na hayaharibiki upesi, basi yakashinda. Thika ikawa mji wa viwanda juu ya mafuta hayo. Cha kushangaza, Bidco wamekuwa wakisafisha mafuta ya kula papo hapo Thika tangu 1991. Ya chapati tunayatengeneza nyumbani. Ya chuma tunayangoja Mombasa.

Sasa mambo yanageuka. Watafiti katika nchi nyingi wamerudi kwa mafuta ya mimea, kwa sababu molekuli zake hushika chuma vizuri na zikimwagika huoza zenyewe. Humo huongezwa unga wa nano, kwa mfano wa alumina au grafiti. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Chembe hizo husaidia kuondoa joto, na nyingine huteleza kati ya kisu na chuma kama gololi. Badala ya kumwaga lita kila dakika, mashine hupuliza mililita chache tu kwa saa.

Nilimweleza Anko haya yote, nikiwa nimechangamka kweli. Alisikiza hadi mwisho, akafuta mikono na kitambaa.

"Huo unga mdogo hivyo," akauliza, "ukipulizwa, si nitauvuta?"

Sikuwa na jibu la haraka. Swali lake ni la haki. Chembe za nano zikiingia kwenye mapafu zinaweza kudhuru, na mashine ya kukata chuma hutoa ukungu. Pia unga huo hutuama chini ya mkebe usipotunzwa. Mafuta yanaweza kuwa rafiki wa mto Ruiru na bado yakamgeuka fundi, kama hakuna barakoa wala feni ya kuvuta hewa.

Historia hii nimeisoma kwa majina ya wenye kampuni na wenye vitabu. Mikono ya waliosimama mbele ya mashine haimo. Ya Anko imepona, kwa sababu aliacha kazi. Mbarika bado inajiotea kando ya barabara, na mtu akiniuliza inafaa nini, namwanzia na vidole vyake.