Wagosi wa Kaya: Rap Yenye Lafudhi ya Milimani

Vuga, katika milima ya Usambara, ilikuwa makao makuu ya Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa ulioanzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu. Katika karne ya 19, enzi za mfalme Kimweri ye Nyumbai, amri zilizotoka mlimani huko zilifika hadi pwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sauti ya upande huu ilisikika nchi nzima, safari hii redioni. Rap ya Kiswahili ilikuwa bado changa: mwaka 1991 Saleh J alitamba kwa kuighani “Ice Ice Baby” ya Mmarekani Vanilla Ice kwa maneno ya Kiswahili. Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dr. John kutoka Tanga, hawakuiga Marekani wala Dar es Salaam. Walichana kwa lafudhi ya Kisambaa, tena kwa makusudi. “Tanga Kunani” ilihoji kudorora kwa mji uliowahi kuvuma kwa mkonge na viwanda. “Wauguzi” iliwasema wahudumu wa hospitali wanaowanyanyasa wagonjwa. Ucheshi ndio uliofanya shutuma nzito kiasi hicho iimbike hata na watoto.

Mipaka ya nchi ilivukwa na wengine. X Plastaz wa Arusha, waliochanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, walitoa albamu ya “Maasai Hip Hop” kupitia kampuni ya Out Here ya Munich, Ujerumani, mwaka 2004. Miaka kumi baadaye “Number One” ya Diamond Platnumz, iliyorudiwa pamoja na Davido wa Nigeria, ilichezwa Afrika nzima.