Simu ilitufunza Kiswahili, lakini mkataba bado ni wa Kiingereza

Juzi katika soko la Kakamega nilimsikia mama mboga akimlalamikia mwenzake: "Nimempigia tangu asubuhi, lakini ni mteja tu!" Mgeni anayejifunza Kiswahili angebaki akikuna kichwa. Kamusi itamwambia kwamba mteja ni mtu anayenunua bidhaa au huduma. Huku kwetu Kenya mteja pia ni yule ambaye simu yake haiingii. Maana hiyo haikutoka kwa mwalimu wala kwa mwandishi wa vitabu. Imetokana na ile sauti iliyorekodiwa inayotuarifu kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Ninadiriki kusema kwamba huduma ya simu imekuwa shule kubwa ya lugha nchini. Neno simu lenyewe lina asili ya Kiajemi, sim, yaani waya. Kiswahili kiliamua kwamba simu hupigwa, kama ngoma au mbiu ya mgambo. Lugha jirani zikafuata mkondo huo huo: Mbukusu husema khukhupa esimu, Mjaluo goyo simu, na Mkikuyu kũhũra thimũ. Vitenzi vyote hivyo maana yake ni kupiga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda Shirika la Posta na Mawasiliano ya Simu. Sisi tuliosoma zama hizo tunaikumbuka telegramu. Ililipiwa kwa kuhesabu maneno, kwa hivyo mzazi alijifunza kufupisha: "Mama mgonjwa njoo." Hakuna mwalimu wa insha aliyetufunza muhtasari kwa ukali namna hiyo! Kwenye kibanda cha simu nako, foleni nyuma yako na sarafu ikiyoyoma, salamu zetu ndefu za mulembe zilikatwa nusu.

Mwaka 1999 shirika hilo liligawanywa: simu zikaenda kwa Telkom Kenya, barua kwa Posta, na usimamizi kwa Tume ya Mawasiliano. Kisha simu ya mkononi ikashika kasi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 yakilenga ulipaji wa mikopo midogo. Watu waliojaribiwa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikabadilishwa kuwafuata. Umma nao ukazoea msamiati mpya: wakala, salio, nambari ya siri, kutoa na kuweka pesa.

Linalonifurahisha zaidi ni majina. Kuna Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi. Kuna M-Shwari ya mwaka 2012. Jahazi na shwari ni maneno ya mabaharia wa pwani. Leo mtoto wa Shinyalu, ambaye maji mengi anayoyajua ni ya mto Isiukhu, anayatamka bila kusita. Sambaza, lililomaanisha kueneza, sasa ni kumgawia mtu kredo. Fuliza, iliyozinduliwa 2019, ni kitenzi cha zamani cha kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Vijana wamekifanya kuwa na maana ya kukopa, na wengine hukopa kwa mfululizo kweli kweli.

Hapo ndipo penye kasoro. Jina la mkopo linapotuvutia ni Kiswahili kitamu. Tangazo la redio ni Kiswahili, tena chenye mizaha. Lakini masharti ya mikopo mingi ya simu, yale marefu yanayoeleza ada, riba na adhabu ya kuchelewa, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mkopaji hubonyeza "kubali" bila kuelewa anachokubali.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma ipasavyo. Habari usiyoielewa haikufaidi. Wataalamu wa Kiswahili tunao, katika vyuo vikuu tele. Kampuni zinazowaajiri wabunifu wa majina na ziwaajiri pia wafasiri wa mikataba. Yule mama mboga anajua maana ya mteja kuliko kamusi. Anastahili pia kujua, kwa lugha hiyo hiyo, atadaiwa shilingi ngapi kesho asubuhi.