Gesi Haiishi

Kama unaishi Ukunda au Msambweni na una AC nyumbani, kuna maneno umeshayasikia: "Gesi imeisha." Fundi anapanda ngazi, anaunganisha mpira na mtungi, anajaza, analipwa, anaenda zake. Kaskazi ya mwaka unaofuata, joto likipamba moto, maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni bei tu. "Hii gesi yako ni ya zamani, mama. Siku hizi haipatikani hivi hivi."

Hapo ndipo watu wengi wa Pwani hukutana na mkataba wa kimataifa bila kujua wamekutana nao. Hakuna barua ya serikali, hakuna askari mlangoni. Sheria za gesi za kupozea hazimkatazi mtu kutumia AC aliyo nayo. Zinachofanya ni kufunga mfereji polepole kule bandarini Kilindini, mpaka gesi yenyewe inakuwa adimu. Ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma karibu miaka mia moja.

Friji za zamani ziliua watu. Marekani ya miaka ya 1920 zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, na bomba likivuja usiku, watu waliweza kufa usingizini. Mwaka wa 1928 Thomas Midgley, mtaalamu aliyefanya kazi na General Motors, alipata gesi mpya na wenzake. Mwaka wa 1930, mbele ya wanakemia, aliivuta mapafuni kisha akaipuliza kwenye mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika, yeye akabaki mzima. Haina sumu na haiwaki, mtu angetaka nini zaidi? Ikauzwa kwa jina la Freon, ikaingia kwenye friji, kwenye AC, hadi kwenye makopo ya kupulizia. Midgley huyo ndiye pia aliyeleta wazo la kutia madini ya risasi kwenye petroli. Yaani mtu mmoja, na hewa ya dunia nzima ikaharibika mara mbili.

Sifa iliyoifanya gesi hiyo iwe salama jikoni ndiyo iliyoleta balaa juu. Haivunjiki kwa urahisi. R-12, ile ya mwanzo kabisa, hukaa angani kama miaka 100. Mwaka wa 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za namna hii hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni, jua linazipasua, klorini inatoka na kuanza kulila tabaka hilo linalotukinga na miale mikali. Kampuni zilizozitengeneza zikabisha. Mwaka wa 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko.

Sasa hapa hadithi inaingia Kenya. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lina makao makuu Nairobi, na mkuu wake wakati huo alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba. Ndiye aliyezivuta serikali mezani, zile zenye viwanda na zile zisizo navyo, mpaka tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini. Kenya iliiridhia mwaka wa 1988. Sekretarieti yake ipo Nairobi mpaka leo. Mkataba unaopandisha bei ya gesi Msambweni unatunzwa mahali ambapo ukipanda basi la usiku Mombasa, asubuhi umefika.

Gesi za kwanza zikaanza kuondolewa. AC nyingi za nyumbani zilitumia R-22, ambayo huila ozoni pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Ilichukuliwa kuwa daraja tu. Nchi tajiri zilivuka mapema: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku R-22 mpya mwaka wa 2010, na Marekani ikasimamisha kuitengeneza na kuiagiza mwaka wa 2020. Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi. Zisizidishe kiwango chao kuanzia 2013, zipunguze asilimia 10 mwaka wa 2015, asilimia 35 mwaka wa 2020, asilimia 67.5 mwaka wa 2025, na ifikapo 2030 ibaki kidogo tu ya kukarabati mashine za zamani. Kenya ilikuwa na kanuni zake tangu 2007, zinazosimamiwa na NEMA: huwezi kuingiza gesi hizi bila kibali.

Huo muda wa ziada ulikuwa na mtego ndani yake. Soko likifungwa Ulaya, bidhaa hutafuta pengine pa kwenda. Mwaka wa 2020 mashirika mawili, CLASP na IGSD, yalitoa ripoti kuhusu nchi kumi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, yakionyesha jinsi AC zinazokula stima na zenye gesi zilizopitwa na wakati zinavyomwagwa kwenye masoko yetu. Mtu anaona bei nafuu dukani, anafurahi. Hajaambiwa kwamba gesi yake ina tarehe ya mwisho.

Aliyejihadhari akanunua AC ya R-410A, ambayo haiguswi na sheria ya ozoni. Naye mambo yakamgeukia. R-410A haidhuru ozoni, lakini inanasa joto vibaya sana. Oktoba 2016 mataifa yakakutana Kigali, Rwanda, wakaongeza gesi za aina hiyo kwenye Itifaki. Nchi kama Kenya zilitakiwa kusimamisha ongezeko lake 2024 na kuanza kupunguza 2029. Ndani ya umri wa nyumba moja, mwenye nyumba anaweza kuwa amepitia gesi tatu, na kila mara yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Lakini tusiseme basi sheria hizi ni za wazungu, hazituhusu. Kilo moja ya R-22 ikitoka hewani hupasha dunia joto kama kilo 1,810 za kaboni dioksidi. R-410A ni 2,088. Nenda Gazi, hapo hapo jirani. Tangu 2013 wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza kaboni inayohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zimeingia kwenye maji na vitabu vya shule. Piga hesabu: AC kama 1,650 za R-22, kila moja ikivuja kilo moja, zinafuta kazi ya mwaka mzima. Tukizihesabu zilizoko Diani peke yake, hotelini na kwenye nyumba za wageni, hiyo si idadi ya kutisha.

Ndiyo maana yale maneno ya fundi yanahitaji kubishiwa, kwa heshima. Gesi ya AC si kama petroli. Haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inatoka, na huku kwetu sababu mara nyingi ni chumvi ya bahari inayokula koili za nje. Kujaza bila kuziba ni kulipa kila mwaka ili gesi ipotee tena.

Kwa hivyo muulize fundi: tundu liko wapi? Mwambie apime kwa nitrojeni na povu la sabuni, azibe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze. Soma kibandiko kilichoko kwenye mashine ya nje, kimeandikwa aina ya gesi. Usikubali nyingine itiwe eti zinafanana. R-410A ina shinikizo kama mara moja na nusu ya R-22, na ile ya propani, R-290, inawaka. Katika mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake ni nzuri, lakini kwenye AC ya zamani ya R-22 inaweza kukuchomea nyumba. Ukitupa mashine kuukuu, gesi ivutwe kwenye mtungi, isifunguliwe ikapiga mluzi. Na kama unanunua mpya, tafuta R-32 au R-290, halafu angalia nyota za EPRA, kwa sababu tokeni za stima utanunua wewe.

Itifaki ina mfuko wake, ulioanzishwa 1990, ambao nchi tajiri huuchangia ili kusaidia viwanda na mafunzo ya mafundi katika nchi zetu. Haulipi bili ya mpangaji wa Msambweni. Yeye analipa sheria kupitia bei ya mtungi, akidhani ni fundi amemzidishia. Anayejua kibandiko kinasema nini hununua mara moja. Asiyejua atauziwa mashine ambayo Ulaya hairuhusiwi tena dukani, na 2030 si mbali.