Kabla c haijawa kasi ya mwanga

Mwulize mwanafunzi wa sekondari fomula ya Einstein, naye atakujibu papo hapo: E=mc². Lakini isome makala yenyewe, kurasa tatu tu alizoziwasilisha Septemba 1905, na fomula hiyo hutaiona. Nishati ya mwanga imeandikwa L, kasi yake V, na kitu kinachotoa mwanga kinapungukiwa masi kwa kiasi cha L/V².

V hiyo Einstein aliirithi. Mskoti James Clerk Maxwell aliitumia tangu miaka ya 1860, alipoonyesha kuwa mwanga ni wimbi la umeme na sumaku.

Herufi c ilipita njia nyingine. Mwaka 1856, Wajerumani Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch walichukua chupa ya Leyden, chombo cha kioo cha kuhifadhia chaji ya umeme. Waliipima chaji mara mbili: kwanza ikiwa imetulia, kwa nguvu yake ya kusukuma chaji nyingine, kisha ikipita kwenye waya, kwa jinsi ilivyotikisa sumaku. Uwiano wa vipimo hivyo ndio Weber aliouita c, nao ukatoka kilomita 439,000 hivi kwa sekunde.

Hiyo haikuwa kasi ya mwanga. Lakini igawe kwa kipeuo cha pili cha 2, utapata kama 311,000. Mwaka 1857 Gustav Kirchhoff alikuta hesabu ya umeme unaokimbia kwenye waya ikimpa namba hiyohiyo, akatambua kuwa inakaribia kasi ya mwanga.

Paul Drude ndiye aliyeitoa c kwenye umeme na kuipa kasi ya mwanga yenyewe, mwaka 1894. Max Planck akaitumia katika fomula yake ya mnururisho ya 1900. Mwaka 1907 Einstein naye akaiacha V.

Si c pekee iliyochelewa kufika ilipo. Newton hakuwahi kuandika G, herufi ya uvutano; Mwingereza C. V. Boys ndiye aliyeitumia katika kipimo chake cha 1894. Na huko Vienna, juu ya kaburi la mwanafizikia Ludwig Boltzmann, pamechongwa fomula yake ya entropia: S = k log W. Hiyo k, inayoitwa kwa jina lake duniani kote, iliandikwa na Planck. Marehemu analala chini ya herufi ambayo mkono wake haukuiandika.