Mtume Mtoto kwa Jirani

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, betri ndogo ya ndani imekufa. Kila nikiiwasha inaamini tuko mwaka 2005. Tovuti zinakataa kufunguka, eti vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Usiku mmoja nikairekebisha saa kwa kukisia, nikaenda kutuma kazi ya chuo nikidhani nimebakisha dakika nne. Wapi! Dedlaini ilishapita. Siyo hiyo iliyonitoa chuo, lakini hadi leo inauma.

Basi kompyuta hujuaje saa? Zenyewe hazijui. Kila moja ina kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka, na kila kijiwe hukimbia au kuchelewa kivyake. Ukiuliza kompyuta nyingine, jibu linasafiri, na njiani kuna foleni. Likifika, limeshachacha.

Aliyepambana na shida hii ni David Mills, Mmarekani aliyezaliwa 1938 akiwa na glakoma. Mwaka 1977, akiwa kampuni ya setilaiti ya COMSAT, alianza kuoanisha saa za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Mwaka 1985 itifaki yake, NTP, ikachapishwa.

Hesabu yenyewe ni ya mtaani kabisa. Mtume mtoto kwa jirani aulize saa. Kwa saa yako ameondoka saa nne kamili, amerudi saa nne na dakika sita. Anasema kwa jirani ilikuwa saa nne na dakika nane. Gawa safari mara mbili: alifika huko saa nne na dakika tatu zako. Kumbe uko nyuma dakika tano.

Lakini je, kama wakati wa kurudi alisimama kutazama mpira? Hesabu imeharibika, nawe huna habari. Ndiyo maana NTP hutuma watoto wengi, kwa majirani kadhaa, tena na tena. Jirani anayepingana na wenzake haaminiwi. Tofauti ikiwa ndogo, saa yako hairushwi ghafla. Inaharakishwa au kucheleweshwa polepole mpaka ilingane.

Mills aliendelea kuinoa kazi hiyo kwa miongo, programu ikitolewa bure, huku macho yake yakizidi kufifia. Alifariki Januari 2024, akiwa na miaka 85.

Laptopu ile niliiuza. Aliyeinunua nilimwambia: weka betri mpya, halafu iache iulize majirani.