Mota za brashi na mota zisizo na brashi katika mbio za magari ya redio

Mota za brashi na mota zisizo na brashi ni aina mbili za mota ya umeme zinazotumika katika magari ya redio, yaani magari madogo ya mfano yanayoongozwa kwa mawimbi ya redio. Zote mbili hubadilisha nishati ya umeme wa betri kuwa mwendo kwa kutumia sumaku. Tofauti yao kuu ni namna umeme unavyoelekezwa kwenye koili. Katika mota ya brashi kazi hiyo hufanywa na vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka. Katika mota isiyo na brashi hufanywa na kifaa cha elektroniki kilicho nje ya mota.

Katika mashindano ya magari ya umeme aina ya mota ni moja ya mambo yanayogawa madaraja. Lengo la kanuni za madaraja ni kwamba ushindi utokane na uendeshaji na utengenezaji mzuri wa gari, si na fedha alizo nazo mshindani. Mabadiliko kutoka mota za brashi kwenda mota zisizo na brashi yalifanyika kwa sehemu kubwa kwa ajili ya lengo hilo.

Historia

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la redio, Porsche 934 la kipimo cha 1:12, mwaka 1976. Magari ya umeme yalienea haraka kwa sababu hayakuhitaji mafuta wala hayakupiga kelele kubwa. Mota iliyozoeleka ilikuwa ya brashi ya ukubwa unaoitwa 540, yenye kipenyo cha milimita 36 hivi. Hadi leo mota nyingi za magari ya kipimo cha 1:10, ziwe na brashi au zisiwe nayo, hufuata ukubwa huo ili ziweze kufungwa kwenye gari lilelile.

Mashindano yalisimamiwa na vyama kama ROAR ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1967, EFRA ya Ulaya, na shirikisho la kimataifa IFMAR lililoanzishwa mwaka 1979.

Mota zisizo na brashi zilianza kupata wateja katika ndege za mfano miaka ya 1990. Kwa upande wa magari, kampuni ya Novak Electronics ya Marekani ilikuwa miongoni mwa waliozileta sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya kukubaliwa na vyama vya mashindano, ndani ya miaka michache zilichukua nafasi ya mota za brashi katika madaraja karibu yote ya juu.

Mota ya brashi

Mota ya brashi ina sumaku mbili za kudumu zilizobandikwa ndani ya kopo la chuma. Katikati huzunguka rota yenye meno matatu ya chuma yaliyozungushiwa waya wa shaba. Kwenye mhimili wa rota kuna komuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu. Brashi mbili za kaboni iliyochanganywa na shaba au fedha hukandamizwa na springi juu ya komuteta na kuipa umeme. Ni kaboni za aina ileile ambazo mafundi hubadilisha katika drili na stata za magari.

Rota inapozunguka, brashi huhama kutoka kipande kimoja cha komuteta kwenda kingine. Kwa njia hiyo mkondo wa umeme kwenye koili hugeuzwa kwa wakati unaofaa bila msaada wa kifaa kingine. Kwa sababu hiyo mota ya brashi huhitaji nyaya mbili tu, na kidhibiti mwendo chake ni rahisi na cha bei nafuu. Nyaya zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume.

Udhaifu wake uko palepale. Brashi husuguana na komuteta, hivyo zote mbili huisha. Kila brashi inapohama hutoka cheche zinazochoma shaba na kuvuruga mawimbi ya redio, na ndiyo maana mota hizi huunganishwa kapasita ndogo kwa lehemu. Aidha koili, ambayo ndiyo hupata joto, iko kwenye sehemu inayozunguka ndani, na joto lake halina njia nyepesi ya kutoka.

Mota isiyo na brashi

Katika mota isiyo na brashi mpangilio umegeuzwa. Sumaku ya kudumu, kwa kawaida ya neodimi, ndiyo iliyo kwenye rota. Koili zimewekwa kwenye steta ambayo haizunguki na ambayo imeshikamana na kopo la nje, kwa hiyo joto hutoka kwa urahisi zaidi. Sehemu pekee zinazosuguana ni beringi.

Nyaya tatu nene hutoka kwenye mota kwenda kwenye kidhibiti mwendo. Kidhibiti hupeleka umeme kwenye koili kwa zamu, nao uga wa sumaku unaozunguka huivuta rota. Ili kujua zamu ni ya koili ipi, kidhibiti lazima kijue rota imeelekea wapi. Kuna njia mbili:

Mota yenye sensa ina sensa tatu ndogo zinazotambua sumaku ya rota na kutuma habari kwa waya wa pekee. Huondoka taratibu na kwa ulaini hata katika mwendo mdogo sana. Nyaya zake tatu nene lazima ziunganishwe kwa mpangilio uliowekwa. Zikikosewa, mota hutetemeka na inaweza kuharibika pamoja na kidhibiti.

Mota isiyo na sensa hutegemea kidhibiti kupima umeme unaozalishwa na mota yenyewe inapozunguka. Gari likiwa limesimama hakuna umeme huo, hivyo mota inaweza kusitasita wakati wa kuondoka. Kwa sababu hiyo mashindano ya kipimo cha 1:10 na 1:12 hutumia zaidi mota zenye sensa.

Mizingo ya waya

Nguvu ya mota hutajwa kwa idadi ya mizingo, yaani mara ambazo waya umezungushwa kwenye kila jino la chuma. Mizingo michache hutoa kasi kubwa na hula umeme mwingi. Mizingo mingi hutoa kasi ndogo na kuipunguzia betri mzigo.

Mota zisizo na brashi zina idadi yenye nusu, kama 13.5, 17.5 au 21.5. Nusu hiyo hutokea kwa sababu waya huingia upande mmoja wa steta na kuishia upande wa pili.

Kasi ya mota isiyo na brashi hutajwa pia kwa idadi ya mizunguko kwa dakika inayopatikana kwa kila volti 1 bila mzigo. Mota ya 17.5 huwa na takriban 2,200. Ikipewa betri ya lithi-polima ya seli mbili yenye volti 7.4, kasi yake bila mzigo ni 2,200 × 7.4, yaani mizunguko 16,280 hivi kwa dakika.

Namba za mizingo za aina hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Mota ya brashi ya mizingo 27 na mota ya 17.5 isiyo na brashi zilipewa nafasi moja katika mashindano, ingawa namba zao zimetofautiana sana. Anayenunua mota kwa kutazama namba pekee anaweza kufika uwanjani na mota isiyokubaliwa katika daraja lake.

Madaraja ya mashindano

Wakati wa mota za brashi, daraja la kawaida lilitumia mota ya mizingo 27 ambayo pembe yake ya taimingi ilifungwa kwenye nyuzi 24. Juu yake kulikuwa na daraja la mizingo 19, kisha daraja huru ambamo mshindani alichagua mota aliyotaka.

Mota zisizo na brashi zilipokubaliwa, mota ya 17.5 ilichukua nafasi ya ile ya mizingo 27, na 13.5 ilichukua nafasi ya ile ya mizingo 19. Siku hizi mpangilio unaoonekana mara nyingi ni huu:

25.5: magari yenye maumbo ya zamani katika mbio za USVTA za Marekani.
21.5: magari ya mfano wa Formula 1 na baadhi ya madaraja ya wanaoanza.
17.5: daraja la kawaida la magari ya barabara ya lami, ya zulia na ya udongo. Magari ya 1:12 hutumia mota hii pamoja na betri ya seli moja ya volti 3.7.
13.5: daraja la kati, hasa kwa magari mazito au ya magurudumu manne.
Daraja huru: mizingo yoyote. Magari ya lami hufikia mizingo 4 hadi 6.

Katika madaraja yenye mipaka, kanuni hudai pia steta yenye meno matatu, koili zilizounganishwa kwa umbo la nyota na rota yenye ncha mbili za sumaku. Bila masharti hayo namba ya mizingo peke yake isingezuia mtengenezaji kuongeza nguvu kwa njia nyingine.

Gharama na usawa

Mota ya brashi ni rahisi kununua lakini ni ghali kuishindania. Katika miaka yake ya mwisho washindani wa daraja la kawaida walikuwa na mashine ndogo za kukerezea komuteta, na wengi waliitumia kila baada ya mbio chache. Brashi za mchanganyiko mbalimbali na springi za ukakamavu tofauti zilibadilishwa kulingana na uwanja. Aliyekuwa na vifaa, muda na mota nyingi za kuchagua alikuwa na kasi zaidi ya mwenzake, ingawa kwa kanuni wote walitumia mota ileile. Wanaoanza waliumia zaidi, kwa kuwa daraja lililotengwa kwa ajili yao lilidai ujuzi wa fundi.

Mota isiyo na brashi iliondoa kazi hiyo. Inaweza kutumika msimu mzima kwa kusafishwa tu na kubadilishiwa beringi. Bei ya mwanzo ni kubwa zaidi, hasa kwa sababu ya kidhibiti mwendo, lakini matumizi ya baadaye hupungua.

Hata hivyo ushindani ulihamia kwenye elektroniki. Kuelekea mwaka 2010 watengenezaji wa vidhibiti waliweka programu zinazosogeza mbele pembe ya taimingi kadiri kasi inavyopanda. Mota ya 17.5 iliweza kukimbia kwa kasi iliyokaribia madaraja ya juu, na mwenye kidhibiti cha zamani hakuwa na nafasi. Pia mota nyingi ziliungua kwa joto.

Jibu lilikuwa kanuni inayozuia kidhibiti kubadili taimingi, maarufu kwa jina la blinky. Kidhibiti kikiwa katika hali hiyo, taa yake humweka, na mkaguzi anaweza kuitambua kwa kuitazama tu kabla ya gari kuingia uwanjani. Taimingi ya mota yenyewe bado hurekebishwa kwa mkono kwa kuzungusha kifuniko cha nyuma chenye sensa.

Usawa kamili haujapatikana. Washindani wakubwa bado hupima ukinzani wa koili na nguvu ya rota ili kuchagua mota bora kati ya nyingi. Kwa hiyo baadhi ya mashindano huteua mota ya aina moja kwa wote, huweka kikomo cha uwiano wa gia, au hugawa mota kwa washindani siku ya mbio.

Mahali pa mota za brashi leo

Mota za brashi hazijatoweka. Mota ya 540 ya kopo la rangi ya fedha, ambayo haifunguliwi na hivyo haina la kurekebishwa, bado hutumika katika mbio za vilabu za magari ya Tamiya. Ni ya bei ndogo, na kasi yake bila mzigo ni karibu mizunguko 15,000 kwa dakika kwa betri ya volti 7.2. Magari madogo ya Mini-Z ya kampuni ya Kyosho yalianza pia kwa mota ndogo za brashi. Magari ya kupanda miamba hutumia mota za brashi za mizingo 35 au 55, kwa kuwa hutii vizuri katika mwendo wa polepole na hazihitaji kidhibiti cha gharama.

Matunzo

Mota mpya ya brashi huendeshwa kwanza kwa volti ndogo ili uso wa brashi ulale sawasawa kwenye komuteta. Baadaye urefu wa brashi na rangi ya komuteta hukaguliwa mara kwa mara. Brashi iliyobaki fupi hupoteza mgandamizo wa springi na cheche huongezeka.

Kwa mota isiyo na brashi adui mkubwa ni joto. Sumaku ya neodimi ikipashwa joto kupita kiasi hupoteza sehemu ya nguvu yake, na nguvu hiyo hairudi mota inapopoa. Kwa sababu hiyo washindani hupima joto la kopo kila baada ya mbio. Likiwa limezidi, hupunguza ukubwa wa pinioni, yaani gia ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota, au hurudisha taimingi nyuma. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kufunga pinioni kubwa kwa tamaa ya kasi: gari huenda mbio kwa dakika chache, kisha nguvu hupungua kabla ya mbio kumalizika.