Kutoka Lemur hadi kishikwambi: miaka 20 ya kuongoza studio kwa kidole

Mwaka 2025 ilitimia miaka 20 tangu kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, ilipoingiza sokoni Lemur, kifaa cha kioo cha kugusa kilichomwezesha mwanamuziki kuiongoza programu ya kutayarishia muziki iliyomo ndani ya kompyuta bila kushika kipanya. Kifaa hicho hakitengenezwi tena, lakini wazo lake ndilo linalofanya kazi kila prodyuza anapoweka kishikwambi kando ya kompyuta na kukigeuza kuwa mikseri isiyo na waya.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa mwaka 1983 na MIDI, mfumo usiobeba sauti bali amri, yaani taarifa kwamba noti fulani imebonyezwa na kwa nguvu gani, huku vitendo vingi vikipimwa kwa ngazi 128, kuanzia 0 hadi 127. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walibuni OSC, mfumo unaozipitisha amri za aina hiyo katika mitandao ya kompyuta kwa vipimo vilivyo laini zaidi, na huo ndio ambao Lemur iliutegemea.

Lemur iliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, ikatambua vidole vingi kwa wakati mmoja miaka miwili kabla ya iPhone, na wasanii wakubwa kama Daft Punk na Björk wakapanda nayo jukwaani. Aprili 2010 iPad ikaingia madukani kwa bei ya kuanzia dola 499, na kabla mwaka haujaisha JazzMutant ikatangaza kusitisha mauzo ya kifaa chake. Desemba 2011 kampuni ya Liine iliirudisha Lemur ikiwa programu ya kuendeshea ndani ya iPad ileile iliyokiua kifaa, na hapo ukapamba moto ubishi ambao haujaisha hadi leo. Upande mmoja hushikilia kwamba kioo hakina mguso, kwa sababu kidole hukitambua kitufe halisi bila msaada wa jicho, ilhali upande wa pili hujibu kwamba kioo humpa mtumiaji uhuru wa kujichorea vitufe kulingana na wimbo alionao.

Kwa upande wa Tanzania, ambako studio zilijikusanya mjini, mtafiti Alex Perullo ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2011, Live from Dar es Salaam, jinsi kulegezwa kwa masharti ya uchumi kulivyozipa nafasi redio na studio binafsi. Studio kama MJ ya Master J na Bongo Records ya P-Funk zilijenga Bongo Fleva zikiwa Dar es Salaam, na huko ndiko vifaa na ujuzi vilikorundikana.

Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kando ya Mto Katuma wenye viboko, kiko mbali na studio hizo, lakini teknolojia hii haihitaji kuwa karibu nazo. Kishikwambi na kompyuta mpakato huzungumza kupitia mtandao wa ndani unaorushwa na ruta au simu, bila intaneti na bila kula bando, na kasoro kubwa ni uchelewaji mdogo wa amri pale mawimbi yanapoyumba. Kishikwambi chenyewe si kitu kigeni vijijini, kwani vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu.

Kinachokosekana ni kuamini kwamba muziki ni kazi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vijana, na halmashauri za Mkoa wa Katavi zinapaswa kuhesabu studio ndogo ya kompyuta na kishikwambi kuwa mradi halali kama ulivyo ufugaji wa kuku au bodaboda, ili ngoma za mkoa huu zirekodiwe na vijana wake wenyewe.